Kompyuta Uliyoiunda Haiwaki au Haioni Diski: Utatuzi wa Matatizo ya Kebo za Umeme na za Diski

Kwa vijana wengi wa Arusha na Moshi wanaounda kompyuta yao ya kwanza, vipuri huwasili kwa mafungu: kasha limenunuliwa katika duka la Barabara ya Sokoine, madabodi (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) na prosesa vimeagizwa Kariakoo na kupandishwa kwenye basi, na diski imetolewa katika mashine ya zamani ya ofisini. Siku ya kuviunganisha, mashine haiwaki, au inawaka na kuzima, au haioni diski, na mwenye nayo humfuata fundi akiwa na hukumu tayari: "Shikamoo fundi, madabodi imekufa." Mara nyingi madabodi haina tatizo lolote. Tatizo liko kwenye kebo ambayo haijaingia hadi mwisho, imechomekwa mahali pasipo pake, au si ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) iliyofungwa humo.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia. Ni vyema kufuata mpangilio huo bila kuruka, kwa kuwa ukaguzi wa mwanzo hauna gharama yoyote, ilhali ule wa mwisho unaweza kudai mita ya umeme, kipuri cha kubadilishia au mkono wa fundi.

Kabla ya kugusa kebo yoyote

Zima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai kwa kuibonyeza upande wenye alama ya O, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki kwenye madabodi itoke. Usichomeke wala kuchomoa kebo ya ndani wakati umeme umeunganishwa, hata kama mashine inaonekana imelala, kwa sababu pawa saplai huendelea kupeleka volti 5 za kusubiri kwenye madabodi muda wote ambao swichi ya nyuma imewashwa. Katika miezi ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, gusa kwanza sehemu ya kasha yenye chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika kipuri, ili umeme tuli wa mwilini utoke.

Pawa saplai nyingine za zamani au za bei nafuu zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, kwa hiyo swichi hiyo lazima isomeke 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa ukutani, fyuzi na baadhi ya vipuri vya ndani huungua papo hapo kwa mlipuko unaosikika chumba kizima. Hiki ni kitu cha kwanza kukagua kwenye pawa saplai iliyotumika, hasa iliyotoka nchi za nje.

Onyo moja halina masharti: pawa saplai yenyewe haifunguliwi. Ndani yake mna kapasita inayohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na chaji hiyo inaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ikithibitika kuwa pawa saplai ni mbovu, badilisha nzima.

Kuzitambua kebo

Kebo kubwa kuliko zote ina pini 24 na huingia ubavuni mwa madabodi. Mara nyingi kichwa chake kimegawanyika, pini 20 upande mmoja na 4 upande wa pili, ili kiweze kutumika pia kwenye madabodi za zamani. Kebo ya prosesa ina pini 4 au 8, nayo huingia juu ya madabodi karibu na prosesa, kwenye kona ambayo mkono huifikia kwa shida kasha likishajaa. Kebo ya kadi ya grafiki ina pini 6 au 8. Kebo ya umeme ya diski za SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski) ni bapa, ina migusano 15 na umbo la herufi L ndani ya kichwa. Kebo ya data ya SATA ni nyembamba, ina migusano 7, na haitoki kwenye pawa saplai bali huunganisha diski na madabodi. Kebo ya Molex, yenye pini 4 nene, leo hutumika zaidi kwa feni na diski za zamani.

Jozi inayopotosha watu ni ya kebo ya prosesa na kebo ya kadi ya grafiki, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuwa na pini 8. Kebo ya prosesa hugawanyika 4 na 4, na nyaya zake za njano, ambazo hubeba volti 12, ziko upande wa klipu. Kebo ya kadi ya grafiki hugawanyika 6 na 2, na upande wa klipu una nyaya nyeusi tu. Maana yake ni kwamba ukilazimisha moja iingie kwenye tundu la nyingine, unakutanisha volti 12 na ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, na hiyo ni shoti. Plastiki za pini zimechongwa kwa maumbo tofauti, mraba na duara, ili kuzuia kosa hilo, lakini mkono wenye nguvu huyashinda maumbo hayo. Kebo inayogoma kuingia kwa msukumo wa kawaida ichomolewe na kusomwa upya. Vichwa vingi vimeandikwa CPU (prosesa) au PCIe (kadi ya grafiki) ubavuni, na pale nyaya zote zilipotiwa rangi nyeusi, maandishi hayo ndiyo pekee ya kutegemea.

Kwa pawa saplai zenye nyaya za rangi, njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, nyeusi ni ardhi, zambarau ni volti 5 za kusubiri, na kijani ni waya unaopokea amri ya kuwasha.

Lipo pia suala la pawa saplai ambazo kebo zake huchomoleka pande zote mbili. Upande wa kipuri, pini hufuata kanuni moja duniani kote. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni: kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana, ingawa vichwa vinafanana na vinaingia bila shida. Kuna mashine iliyoletwa kutoka Moshi baada ya mwenyewe kubadilisha pawa saplai na kuziacha kebo za zamani mahali pake, kwa kuwa zilikuwa zimepangwa na kufungwa vizuri nyuma ya kasha. Alipowasha, diski zote mbili zilikufa. Kwenye moja, kipuri cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, karibu na tundu la umeme, kilikuwa kimepasuka katikati, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado haijaisha siku mbili baadaye. Volti 12 zilikuwa zimepita kwenye njia ya volti 5. Kebo zilizokuja na pawa saplai ziende nayo popote iendapo, na kebo usiyojua asili yake isichomekwe.

Dalili ya kwanza: ukibonyeza kitufe, hakuna kinachotokea

Anza ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Angalia kama uniti za LUKU zimekwisha, kama swichi ya ekstensheni imewashwa, na kama UPS (betri ya akiba) imewashwa. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo inaweza kuwa imekatika ilhali waya wote ni mzima, kwa hiyo jaribu waya wa umeme wa kompyuta nyingine. Hakikisha waya umezama hadi mwisho nyuma ya pawa saplai, na kwamba swichi ya hapo iko upande wa alama ya I.

Kinachofuata ni waya za kitufe cha mbele ya kasha. Ni waya mbili nyembamba zenye kichwa kidogo kilichoandikwa PWR SW au POWER SW, na huingia kwenye pini mbili mahususi kati ya kundi la pini zilizo kwenye kona ya chini ya madabodi. Watu huzichomeka pini moja pembeni ya mahali pake, au huzibadilishana na za RESET. Fungua kitabu cha madabodi, au mchoro wake kwenye tovuti ya kampuni, uthibitishe. Waya za kitufe hazijali upande upi ni chanya, kwa hiyo kuzigeuza hakutasaidia kitu. Ili kujua kama kitufe chenyewe ndicho kibovu, unaweza kuchomoa waya hizo na kugusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mashine ikiwaka, lawama ni ya kitufe au ya waya zake. Usiguse pini nyingine yoyote kwa bisibisi hiyo.

Kisha kagua kebo ya pini 24. Iangalie kwa ubavu: ukingo wa plastiki unatakiwa kulala sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na klipu iwe imeudaka mdomo wa tundu. Mara kwa mara utakuta upande mmoja umezama na wa pili umeinuka kama milimita mbili, hasa pale kebo ilipokunjwa kwa nguvu kuelekea nyuma ya kasha, au pale kipande cha pini 4 kilipoteleza na kubaki nje. Kandamiza kwa kidole gumba huku mkono wa pili ukiishikilia madabodi isipinde, mpaka usikie klipu ikidaka. Mashine zilizoundwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi hadi huku zinahitaji ukaguzi huu kwa vichwa vyote, kwa sababu mtikisiko wa safari hulegeza hata kebo iliyochomekwa vizuri.

Mashine ikikataa bado, ipime pawa saplai peke yake. Ukiwa na mita ya umeme, washa swichi ya nyuma na upime kati ya waya wa zambarau na mweusi kwenye kichwa cha pini 24. Unatakiwa kupata kati ya volti 4.75 na 5.25. Pasipokuwa na kitu, ilhali umeme wa ukutani upo, pawa saplai imekufa. Kama volti hizo zipo, zima tena, chomoa waya ukutani, tenganisha pawa saplai na vipuri vyote, kisha unganisha waya wa kijani na mweusi ulio jirani yake kwa kipande kifupi cha waya kabla ya kurudisha umeme. Feni yake ikizunguka, angalau inaitikia amri. Ikumbukwe kwamba pawa saplai nyingine zimetengenezwa feni isizunguke mpaka mzigo uongezeke, kwa hiyo feni iliyosimama si uthibitisho kamili. Pima volti 12 kati ya waya wa njano na mweusi. Kwa kebo ambazo nyaya zake zote ni nyeusi, usibahatishe pini. Mpe fundi mwenye kipimo maalumu cha pawa saplai.

Wanaotumia madabodi za mashine za ofisi zilizotumika wajue jambo moja zaidi. Baadhi ya mashine hizo hazifuati kanuni ya pini 24. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ina tundu la umeme la pini 8 kwenye madabodi, na umeme wa diski hutoka kwenye madabodi yenyewe badala ya pawa saplai. Pini 8 hizo si za prosesa wala za kadi ya grafiki. Kebo ya kubadilishia, kutoka 24 kwenda 8, inapatikana, lakini inunuliwe ile iliyotajwa kwa jina la toleo hilo la mashine.

Dalili ya pili: feni zinazunguka kidogo, kisha mashine inazima

Hesabu muda. Mashine ikizima baada ya sekunde nne hivi kila mara, shuku kitufe cha kasha kilichonasa ndani, kwa sababu kukishikilia kitufe kwa sekunde nne ndiyo amri ya kuzima kwa lazima. Zima umeme, chomoa waya zake, kisha iwashe kwa kugusanisha pini mbili za kuwashia kwa bisibisi kama ilivyoelezwa hapo juu, uone kama itaendelea. Upande mwingine, madabodi mpya zenye memori ya DDR5 zinaweza kujizima na kujiwasha zenyewe, au kukaa dakika kadhaa bila picha, mara ya kwanza zinapoisoma memori; huo si ubovu, na anayekimbilia kuchomoa umeme katikati ya kazi hiyo anaianzisha upya.

Ikizima chini ya sekunde moja, pawa saplai imehisi shoti na imejilinda. Sababu inayoongoza ni nguzo ndogo ya shaba iliyofungwa chini ya madabodi mahali ambapo hapana tundu la skrubu, hivyo inagusa migusano ya nyuma. Inayofuata ni kebo ya kadi ya grafiki iliyolazimishwa kwenye tundu la prosesa, kisha diski au kifaa kingine chenye shoti ndani yake. Njia ya kuzitenganisha ni kupunguza mzigo: chomoa kebo zote za diski, za umeme na za data, toa kadi ya grafiki kama prosesa inaweza kutoa picha bila kadi, ubaki na prosesa, feni yake na memori moja. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa umeme kila mara. Isipowaka, itoe madabodi nje ya kasha, iweke juu ya boksi lake la karatasi ngumu, na ujaribu hapo. Ikiwaka nje na kugoma ndani, tatizo ni nguzo au skrubu iliyodondoka.

Simama hapa ikiwa bado inazima. Kuiwasha tena na tena mashine yenye shoti hakuitibu, na kila jaribio ni nafasi nyingine ya kuunguza kilichobaki.

Dalili ya tatu: mashine inawaka, skrini haionyeshi kitu

Kebo ya prosesa ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kwa kuwa pini 24 peke yake hutosha kuzungusha feni na kuwasha taa, mtu huamini umeme umekamilika, na kumbe prosesa haijapata chochote. Tafuta tundu la pini 4 au 8 kwenye kona ya juu. Kama madabodi ina tundu la 8 na lingine la 4 pembeni, lile la 8 ndilo la lazima, na la ziada ni kwa prosesa zenye matumizi makubwa.

Kebo ya kadi ya grafiki ni ya pili. Tundu ambamo kadi imekaa hutoa hadi Wati 75. Kichwa cha pini 6 huongeza Wati 75, na cha pini 8 huongeza 150. Kadi yenye matundu mawili ijazwe yote mawili, na ikiwezekana kwa kebo mbili tofauti kutoka pawa saplai badala ya kebo moja yenye vichwa viwili. Hakikisha pia kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi na si kwenye madabodi. Kosa hilo ni la kawaida mno. Kadi mpya zenye kichwa kimoja kidogo cha pini 16 zinadai uangalifu zaidi, kwa sababu kichwa kisichozama chote kimewahi kuyeyuka kwa joto.

Baada ya hapo, soma taa ndogo zilizo ukingoni mwa madabodi, kama zipo. Huandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na ile inayobaki imewaka ndiyo inayokuonyesha mahali pa kutafuta. Ya DRAM ikiwaka, toa memori na uirudishe hadi ncha zote mbili zidake.

Dalili ya nne: mashine ni nzima, lakini diski haionekani

Ingia kwenye BIOS, programu ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows, uangalie orodha ya diski kabla ya kuamini kinachosemwa na Windows. Diski ikiwa kwenye BIOS na isionekane ndani ya Windows, kebo zake zinafanya kazi. Diski mpya haina mgawanyo wowote, na hutaiona kama herufi ya D au E mpaka uiandae kwenye sehemu ya usimamizi wa diski. Kwa diski inayozidi terabaiti 2, chagua mfumo wa kugawa diski wa GPT, kwa kuwa ule wa MBR hauwezi kuisoma yote. Kama diski imetoka mashine nyingine na ina mafaili ya mtu, usikubali Windows ikikuomba kuiumbiza, yaani kuifuta na kuiandaa upya.

Ikiwa haipo hata kwenye BIOS, swali la kwanza ni kama inapata umeme. Diski ya inchi 3.5 yenye sahani hutoa mtetemo hafifu inapoanza kuzunguka. Iguse kwa kidole mashine inapowashwa. Ikizunguka bila kuonekana, tatizo ni la data: kebo ya SATA imelegea, imekunjwa kwa kona kali, au imeharibika. Badilisha kebo, kisha badilisha tundu kwenye madabodi. Kebo ya data isizidi mita 1, na nzuri ni yenye klipu ya chuma, kwani zisizo na klipu hutoka taratibu kila unapogusa nyaya za jirani. Katika maeneo yenye vumbi jingi kama Ngarenaro au Mbauda, puliza tundu ambalo lilikaa wazi muda mrefu kabla ya kulitumia.

Linalosahaulika ni tundu la SATA lililozimwa na madabodi yenyewe. Madabodi nyingi hugawana njia kati ya tundu la SSD ya M.2 (diski isiyo na sahani, yenye umbo la kibao chembamba kinachochomekwa kwenye madabodi) na matundu mawili ya SATA, hivyo ukiweka SSD ya M.2, matundu hayo hufa kimya. Kitabu cha madabodi hutaja ni yapi. Vilevile, tundu la M.2 linaweza kukubali SSD za NVMe tu, au za SATA tu, ambazo ni njia mbili tofauti za kuwasiliana na madabodi, ingawa zote zinaingia kwa umbo.

Ikiwa diski haizunguki, tumia kichwa kingine cha kebo ileile ya umeme, kisha jaribu kebo nyingine iliyokuja na pawa saplai hiyo. Kuna dalili moja inayosema mengi: SSD ya inchi 2.5 inafanya kazi kwenye kebo ambayo diski ya inchi 3.5 inakataa. SSD hizo kwa kawaida hutumia volti 5 pekee, lakini diski kubwa huhitaji pia volti 12 za kuzungusha mota, kwa hiyo kebo hiyo imepoteza volti 12. Pima kwenye kichwa cha Molex: njano na nyeusi zitoe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25.

Diski kubwa zilizotolewa kwenye maboksi ya nje ya USB au kwenye seva zina kisa chao. Tangu toleo la 3.3 la kanuni ya SATA, la mwaka 2016, mgusano wa tatu wa umeme ambao zamani ulibeba volti 3.3 umepewa kazi ya kuzima diski kwa amri. Pawa saplai ya zamani ikiendelea kupeleka volti 3.3 hapo, diski husoma amri ya kuzimwa muda wote na hukaa kimya kabisa, ingawa ni nzima. Tiba yake ni kupitisha umeme kwa kebo ya kubadilishia kutoka Molex kwenda SATA, ambayo haina volti 3.3, au kufunika mgusano huo kwa utepe mwembamba unaostahimili joto. Na diski ya SAS kutoka seva haitaingia kwenye kichwa cha SATA, kwa sababu pengo lililo katikati limezibwa, usilichonge.

Kebo hiyo ya Molex kwenda SATA ichaguliwe kwa macho. Zile ambazo kichwa chake ni plastiki moja iliyomiminwa juu ya nyaya zina historia mbaya ya kupata shoti ndani na kuwaka moto. Chukua ile ambayo unaona kila waya ukiingia na kubanwa kwenye nafasi yake.

Diski inayolia kwa kugonga-gonga, au iliyokufa baada ya kuchanganya kebo, na ina kazi au picha zisizo na nakala, izimwe na isiwashwe tena. Wakati mwingine kilichoungua ni kilinzi kidogo cha umeme kwenye ubao wake, na mtaalamu wa kuokoa data anaweza kukiondoa na kuisoma.

Dalili ya tano: diski inaonekana na kupotea

Kunakili kunakwama, faili linafunguka leo na kesho linakataa. Tumia programu ya kusoma afya ya diski, utafute namba ya makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi, kipengele cha 199, ambacho programu nyingi huandika C7. Namba hiyo ikiongezeka ilhali sekta mbovu (sehemu za diski zisizosomeka) ni sifuri, kebo ya data ndiyo yenye kosa, ibadilishe. Namba haitarudi sifuri, inatakiwa tu iache kupanda. Sekta mbovu zikiongezeka, diski inakwisha: nakili vilivyomo kwanza.

Dalili ya sita: mashine inazima inapofanya kazi nzito, au umeme unapoyumba

Soma lebo ya pawa saplai, mstari wa volti 12, kwa kuwa humo ndimo prosesa na kadi ya grafiki hula. Zidisha ampia kwa 12. Lebo inayotangaza Wati 500 huku mstari wa volti 12 ukiwa na ampia 16 tu inatoa Wati 192 kwa vipuri hivyo viwili, na hakuna mpangilio wa kebo utakaoirekebisha. Ikiwa uwezo unatosha, rudi kwenye kebo za kadi, uzitenganishe kama ilivyoelezwa hapo juu.

Mashine ikizima umeme unapokatika, licha ya kuwa na UPS, angalia uwezo wa UPS: ile ya VA 650 mara nyingi hutoa Wati 360 hadi 390, si 650. Pawa saplai nyingine pia hazipatani na UPS ambazo wimbi lake la umeme ni la ngazi, nazo zinahitaji UPS ya wimbi laini.

Dalili ya saba: kasha linapiga shoti

Mkono unapogusa skrubu ya kasha, unahisi mwasho au kuchomwa kidogo. Ndani ya kila pawa saplai mna kapasita za kuchuja zinazounganisha umeme na chuma cha kasha, na kazi ya waya wa ardhi ni kuuondoa umeme huo. Nyumba ikiwa haina waya wa ardhi, au pini ya ardhi ya plagi ikiwa imekatwa ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, kasha hubaki na takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuharibu tundu la HDMI au la mtandao unapochomeka kifaa kingine, na ubovu mwingine ukitokea ndani, hakuna kitu cha kukulinda.

Jaribu soketi nyingine na ekstensheni yenye pini tatu nzima. Ikiendelea, hili si suala la kompyuta tena. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime fimbo ya ardhi, hasa kiangazi, udongo unapokauka na ardhi kupoteza uwezo wake wa kupitisha umeme. Shoti ikiwa kali, au ikiwa hata jiko na friji vinapiga, zima meni swichi kwanza.

Dalili ya nane: harufu, moshi, au kichwa cha kebo chenye joto

Zima ukutani kabla ya kugusa mashine. Usimwage maji. Usiiwashe tena ili kuona harufu inatoka wapi. Ikiwa imepoa na waya umechomolewa, chunguza vichwa kwa tochi: plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, pini iliyoingia weusi, au kichwa kinachong'ang'ania tundu ni ishara kwamba mgusano ulikuwa umelegea na umepata joto. Kebo hiyo haifai tena, na tundu lililoyeyuka lihukumiwe na fundi anayeweza kulibadilisha kwa kulehemu.

Unapompelekea mashine, peleka pawa saplai pamoja na kebo zake zote, hata zile ambazo hukuzitumia, zikiwa kwenye mfuko mmoja. Mweleze ni kichwa kipi kilikuwa wapi, ni nini kilibadilishwa mwisho, na kama umeme ulikuwa umekatika na kurudi kabla ya tatizo kuanza. Kama ulipiga picha ya ndani ya kasha kabla ya kuchomoa chochote, mwonyeshe.